Jumapili Aliyokataa Kula

Mama alichinja kuku wawili, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nisikilize vizuri. Mama yangu, Mama Kabedi, muuza vitenge wa soko la Dilala, si mwanamke wa kuchinja kuku wawili kwa siku moja. Hata Noeli anachinja mmoja, tena anasimama mlangoni kuangalia nani amechukua paja. Lakini Jumapili ile ya mwaka 1974, tulipotoka misa ya kwanza, hakusimama hata kidogo kupiga soga na wenzake. Alifika nyumbani, akajifunga kitenge kiunoni, akashika kisu. Na alikuwa anaimba! Tangu baba afe, miaka tisa, sikuwahi kumsikia mama akiimba nje ya kanisa.

"Mamu, kuku mbili?"

"Tuko na mugeni."

"Mugeni gani? Njo Tata Muamba tu. Anakuyaka kila dimanche."

"Leo iko dimanche ingine," akasema, akacheka peke yake. "Shika ile sufuria, Mbelu, acha maulizo."

Nilishika sufuria. Nilijua Tata Muamba anakuja kwa ajili ya nani siku ile. Nilidhani ninajua peke yangu.

Kama uliishi Kolwezi miaka ile, Muamba Tshibangu huna haja ya kuelezwa. Ni yeye mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma kwenye barabara ya kwenda Mutshatsha, wanaume mia tatu, wanamimina magurudumu ya pampu na ya mabehewa ya migodi. Ni yeye aliyejenga nyumba ya uzazi ya Dilala, matofali yake, mabati yake, vitanda vyake, na akakataa jina lake liandikwe mlangoni. Mimi ndiye mkunga pale. Watu walimsifu kwa hayo yote, halafu wakamcheka kwa jambo moja: farasi. Alikuwa nao ishirini na wawili, farasi wa mbio, katika nchi yetu ambamo nzi wa mbung'o wanaua farasi kabla hajakomaa. Muamba aliwajengea mazizi yenye wavu wa chuma madirishani kama kabati la nyama, asubuhi na jioni akafukiza moshi wa mavi makavu kufukuza nzi. Walizaana. Mara tatu kwa mwaka aliwapakia kwenye treni kwenda kukimbia Lubumbashi, na zawadi ya mbio ikageuka dawa na mashuka ya wanawake wanaojifungua kwangu.

Baba yangu, Kabeya, alikuwa mtu wake wa kwanza, tangu kiwanda kilipokuwa tanuru moja na watu wawili. Kifua kilipomlaza baba mara ya mwisho, alimshika Muamba mkono, akamwambia, "Uchunge nyumba yangu." Muamba akachunga. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu, akaketi, akala bukari, ugali wetu, na mama meza moja, akauliza habari za masomo yangu, akaenda zake. Hakukosa hata moja, isipokuwa siku za mbio.

Na mimi? Mimi nilimwita Tata, yaani baba, kama watoto wote wa Dilala, hadi mwezi wa tatu mwaka ule. Asubuhi moja alitokea kwenye lango la nyumba ya uzazi, kofia mkononi, wanawake wote wenye mimba wanamtazama.

"Mbelu, mutoto anakatala kutoka."

Nikadhani ni mke wa mfanyakazi wake. Nikakamata mfuko wangu, nikapanda gari, na aliponifungulia mlango wa zizi nikakuta farasi! Jike lake Lulua, amelala ubavu, jasho linamtiririka.

"Aka! Mi nazalisha bantu, hapana banyama!"

"Doktere wa banyama iko Lubumbashi. Mikono yako njo midogo kupita ya batu bote hapa. Mbelu, nakuomba."

Nilimgombeza nikiwa ninavua saa. Nilimgombeza mkono wangu ukiwa ndani mpaka begani, natafuta mguu uliojikunja. Yeye alikuwa amekumbatia kichwa cha Lulua, anamnong'oneza Kiluba. Mtoto alipotoka na kupiga chafya, lile jitu linaloogopwa na mafundi mia tatu lililia mbele yangu bila aibu. Nikasema, "Muamba, nyamaza." Bila Tata. Jina tupu lilitoka lenyewe. Aliniangalia, nikamwangalia, na kuanzia hapo sikulala vizuri miezi saba, hadi aliponiomba ndoa, nikakubali.

Sasa sikia mambo ya jana yake, Jumamosi. Tulisimama kwenye uzio wa shamba, vijana wanawazungusha farasi.

"Nimeisha kutuma mujumbe kwa mama yako," akaniambia. "Nimesema kesho nakuya na neno ya ndoa, aite na ndugu yake."

"Bon. Sasa sikia. Kesho usikule."

Akacheka. "Nisikule? Mama yako atanifukuza."

"Muamba, haujue buko?"

Kweli hakujua. Alifiwa na wazazi wake akiwa na miaka minne, akalelewa na mapadri misioni. Alijua misa nzima kwa Kilatini, alijua kugonga chuma na kusikia kwa sikio kama kina ufa, lakini hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini kumfundisha buko, kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapita pembeni. Ndiyo heshima yenyewe.

"Lakini nimekula mbele yake miaka tisa!"

"Ile ulikuwa mugeni. Kesho, ukiweka mukono mu sahani mbele ya Manseba Kalala, ndugu ya mama, umeisha kusema mutoto haumutake. Ukikatala kula, batu bote bataelewa mbele haujafungua kinywa."

Aliangalia farasi wakizungushwa. Halafu akaweka kidole chake kimoja juu ya changu, pale kwenye ubao wa uzio, akasema, "Basi ntakufa njaa." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, ninacheka na kila mtu.

Narudi kwenye sufuria. Kuku walikuwa wameiva, mama anapakua. Sahani ya mjomba Kalala, paja. Sahani ya Tata Muamba, kidari, paja, na juu yake mama akaweka firigisi. Zote mbili.

Nilifikiri amekosea. Kwetu firigisi haipewi mgeni, hata awe askofu. Ni ya bwana wa nyumba. Tangu baba afe, mama alikuwa anaitupa kwa paka, wala haulizi.

"Mamu, firigisi..."

"Nimeona. Naweka mahali yake."

Akafuta mikono, akageuka, ndipo nikamwona sawasawa. Blauzi ya buluu iliyoshonwa mpya. Herini za dhahabu, zile za arusi yake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na asubuhi ile alionekana kama dada yangu.

"Keti, Mbelu. Mbele Manseba yako afike, nikuambie." Akanishika mkono. "Batu ba soko banasema mingi. Banasema Muamba anakuyaka kuangalia mutoto wa Kabeya, amekomaa, amesoma. Mi nabacheka. Mwanaume iko na macho juu ya mutoto yako, anaweza kula mbele yako dimanche zote miaka tisa? Hapana. Angekuwa na haya ya buko. Njo vile nilijua anakuya juu yangu."

Nilitazama zile firigisi.

"Anaogopaka tu," mama akaendelea, sauti imeshuka. "Moto haogope, chuma haogope, lakini kusema neno moja kwa mujane, miaka tisa! Na mi nilingojea. Tata Mukendi wa posta alinitaka, nilikatala. Ule mwalimu, nilikatala. Jana mujumbe wake aliposema ndoa, nilienda mu chumba nikalia. Leo unapata tata, mamu."

Ee Mungu, Maweja wangu! Kila kitu alichosema kilikuwa sawa. Mwanamke yeyote wa kwetu angefikiri vile vile. Na mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, nilikuwa nimemfundisha yule mwanaume kukataa sahani ile, mbele ya ndugu yake, siku aliyovaa herini za arusi.

Nilisimama. "Naenda kutafuta chumvi."

"Chumvi iko."

"Basi pilipili."

"Mbelu, una nini? Ikala chini."

Nilifika mlangoni, nitoke nikimbie hata kwa miguu mpaka barabara kubwa, nimzuie. Mlangoni nikagongana na tumbo la mjomba Kalala, na abakosti yake, koti la sikukuu, ananukia sabuni.

"Eeh, mutoto! Unakimbia furaha ya mama yako?" Alijua naye. Kumbe mama alikuwa amemwambia. Na nyuma yake, kabla sijajibu, nikasikia honi ya Pejo ya Muamba, mara mbili, kama kila Jumapili.

Muamba aliingia na kofia mkononi. Aliinamisha macho mbele ya mama, heshima mpya niliyomfundisha jana, na mama akadhani ni haya ya mchumba, akatabasamu. Nilitaka ardhi inimeze. Waliketi, watatu, na sahani zikawekwa. Mjomba Kalala aliona firigisi, akakohoa kwa kuridhika.

Kwetu msichana ndiye anayepiga magoti kunawisha mgeni. Nilichukua beseni na birika, nikamnawisha mjomba, halafu nikapiga magoti mbele ya Muamba, mgongo wangu kwa mama. Nilikuwa na muda wa kumimina maji tu, basi. Nilimpenda yule mwanaume hadi kifua kiliniuma. Lakini mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alinizaa, akauza vitenge juani nisome.

"Kula," nikanong'ona.

Hakuelewa. Aliinamisha kichwa.

"Kula, Muamba. Ile ya jana, sahau."

"Umebadilisha moyo?"

"Kula tu. Nakuomba."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni, mikono yake haikusogea. Alinitazama, macho yangu yalikuwa yamejaa. Ndipo akainua uso. Akaona firigisi. Akaona blauzi ya buluu, herini, na mama yangu anavyomngojea, kiganja shavuni. Nilikuwa karibu, nilimsikia akisema chini kabisa, "Mungu wangu."

Akarudisha mikono yake magotini, mikavu.

"Tata, haunawe?" mjomba akauliza. "Bukari inapoa."

"Mama Kabedi," Muamba akasema, "mi sitakula."

Mama alicheka kidogo. "Haina chumvi?"

"Iko muzuri. Najua iko muzuri. Nimekula mu mukono yako miaka tisa."

"Basi kula, baba. Iko yako."

"Siwezi kula tena mbele yako."

Nilikuwa bado magotini na birika langu. Mjomba Kalala aliweka tonge lake chini polepole. Yeye hakuhitaji kuambiwa mara mbili maana yake. Alimtazama Muamba, akanitazama mimi, na shingo yake ikavimba.

"Weye Muamba! Ulilea huyu mutoto! Kabeya alikuachia nyumba uchunge, weye unachagua ndani yake kama mu duka?"

"Sikumulea. Mama yake njo alimulea. Mi nilikuwa nakula tu." Sauti ya Muamba ilikuwa nzito, lakini hakusita. "Kabeya alisema nibachunge. Sikujua kuchunga inakuwa namna gani. Nililelewa na bapadri, mambo ya buko nilisikia jana kwa mara ya kwanza. Sahani iliwekwa, nikakula. Kama kula yangu ilikuwa inasema neno kwako, Mama Kabedi, ilisema bila mi kujua. Makosa yote ni yangu. Unifukuze, unitukane mbele ya bantu bote ba Dilala. Lakini nikikula leo, nitakuwa nakudanganya, na ile siwezi."

"Toka," mjomba akasema. "Chukua kofia yako, toka."

Niligeuka mwishowe kumtazama mama. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi, beseni langu, midomo yangu. Alikuwa ameona mgongo wangu ulivyoinama, na nadhani wakati ule alikuwa anaunganisha yote. Aliinuka, akachukua sahani ya Muamba kwa mikono miwili, akapita pazia la jikoni bila kumgusa mtu.

Muamba alisimama. Uso ulikuwa wa kijivu. Alikuwa amewahi kupoteza farasi kumi na mmoja katika mwezi mmoja kwa ajili ya nzi, na watu wanasema hakupepesa macho. Mimi nilimwona siku ile akitafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake. Alifika mlangoni. Nilijua akivuka kizingiti kile hatarudi, na mimi sitamfuata, kwa sababu sitaweza kumwacha mama na jiko lile. Nilimwangalia mgongo, nikauma kitenge changu nisipige kelele.

"Yaya Kalala," sauti ya mama ikamwita kaka yake kutoka nyuma ya pazia.

"Niko, Kabedi."

"Ule mutu aikale, asitoke."

"Kabedi, huyu mutu amekutia haya..."

"Nimesema aikale. Lakini umuambie ageuke, aangalie ukuta. Nataka kupita kwenda mu chumba, na mukwe yangu haipaswe anione uso."

Muamba, polepole sana, akageuka, akasimama ameelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, mabega yake mapana yanatikisika. Pazia likafunguka. Mama alipita na kitenge kimefunikwa kichwani mpaka kidevuni. Alipita nyuma yake kabisa, angeweza kumgusa. Mlangoni mwa chumba akasimama, bado akisema na ndugu yake tu.

"Na umuambie, mbuzi yangu ya mama mu mahari alete mukubwa. Mbuzi, Yaya. Asikuye kuniletea farasi."

Mjomba alicheka bila kutaka, halafu akafuta macho. Mimi nilimfuata mama chumbani na kufunga mlango.

Alikuwa ameketi kitandani, anavua herini. Moja ilikataa kutoka. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono.

"Ulimuambia akule."

"Ndiyo, mamu."

"Ungemuacha? Juu yangu?"

"Ndiyo."

Kofi lilinipata shavu la kushoto. Mama hakuwa amenipiga tangu nina miaka kumi.

"Usirudilie tena," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka wazi. "Mi nilizika bwana, na hii nitazika. Lakini mutoto yangu kunirudishia mwanaume kama kitenge kilikosa mununuzi, ile hapana. Umesikia? Ile hapana, Mbelu." Halafu akanivuta, akanikandamiza kichwa kwenye blauzi yake mpya, tukalia wote wawili hadi tukasikia Pejo ikiondoka.

Mbuzi aliletwa, mkubwa. Tulifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili.

Sasa Jumapili tunakwenda kwa mama, mimi na watoto tunaingia, Muamba anabaki nje na mjomba, chini ya kivuli cha ukuta, sahani yake inapelekwa huko. Honi ikilia mara mbili, mama anaacha anachofanya, anajifunika kitenge usoni, anapita mlango wa nyuma. Hajawahi kuchelewa hata mara moja. Majirani wote wanamsifu, wanawafundisha binti zao: mwangalieni Mama Kabedi, yule ndiye mwanamke anayejua heshima ya buko. Wanaponiuliza mimi, ninasema ni kweli, halafu ninaingia jikoni kumtafuta, nimkute amesimama peke yake, kitenge bado usoni.